Mama, Mwanafunzi wa Nje ya Ghala

Mpendwa Mama,

Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya familia nzima, ninakutangazia rasmi kwamba kuanzia Jumapili iliyopita, baada ya ibada, meza ya chakula ya nyumbani kwetu hapa Utemini imerudishwa kwa wananchi. Tukio hilo lilishuhudiwa na mkwe wako, Baba Neema, aliyebeba vitabu vyangu kwa mikono miwili kama anayehamisha mgonjwa, na mjukuu wako Neema, aliyepangusa vumbi akagundua kwamba meza ile ina michoro ya maua. Tulikuwa tumesahau. Ugali ulitua juu yake saa saba mchana, na Baba Neema aliombea chakula kwa sala ndefu kuliko ya Krismasi.

Hiyo ndiyo habari kubwa ya mtaa. Iliyobaki ni ndogo: binti yako, mwalimu wa darasa la pili kule Mtinko, mwenye miaka hamsini na miwili na magoti yanayolia akipanda ngazi, amekuwa akisomea shahada ya pili. Ulituacha kabla sijaanza, kwa hiyo hukuwahi kunicheka. Wengine wamekusaidia kazi hiyo vizuri sana.

Nikueleze kwanza ni shule ya namna gani, maana hata mimi ilinichukua muda kuielewa. Ni masomo ya watu wazima wenye kazi na familia. Huendi kukaa darasani. Unasoma pale unapopata nafasi, mimi nikisoma alfajiri kabla ya kuchota maji na mchana watoto wakiwa mapumziko. Na mtaala hupewi. Unautunga mwenyewe. Unaandika unataka kujua nini, utajifunza kwa nani, na utaonyesha vipi kwamba umejua. Chuo kikikubali, mnasaini, basi, hiyo ndiyo shahada yako, hakuna mwingine mwenye kama hiyo.

Baba Neema nilimweleza siku ya kwanza pale kwenye mashine yake ya kukamua alizeti. Alizima mashine ili asikie vizuri.

"Kwa hiyo mtihani umejitungia mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Na bado unaogopa kufeli?"

"Naogopa."

"Basi ukifeli huo, Mama Neema, utakuwa umefeli kwa bidii."

Akawasha mashine. Lakini jioni ile alirudi na taa ndogo ya mezani, akaiweka juu ya meza ya chakula. Ndiyo ikawa mwanzo wa meza kutekwa.

Sasa kilichokuwa kinanitisha ni hiki. Chuo kinakupa muda wake. Ukiisha kabla hujaitetea kazi yako mbele ya jopo, jina linafutwa, na miaka yote ile inabaki karatasi za kuwashia moto. Nafasi za kutetea ni mbili tu. Ya kwanza niliiharibu. Hapa Utemini na kule shuleni kila mtu anajua kwamba siku ile mtandao ulikata. Ndivyo nilivyowaambia, na walinipa pole nyingi, mwalimu mkuu akaitukana kabisa kampuni ya simu. Wewe nitakuambia vingine. Ila niache nianzie mbali kidogo, maana jambo lenyewe linaanzia kwako.

Unakumbuka nilichojitungia kusoma? Huwezi kukumbuka, hukuwepo. Nilitaka kujua jinsi mtu mzima anavyojifunza pale ambapo heshima inamzuia kumkaribia mwalimu wake. Wenzangu waliona ni mada ngeni. Mimi niliona ni ghala la kijijini kwetu Mungaa.

Nilikuwa sijaanza shule. Kisomo cha watu wazima kilifanyika mchana ndani ya ghala la mazao la kijiji, na wewe ulikuwa wa kwanza kujiandikisha. Mwalimu wenu akawa Yohana, kijana aliyemaliza darasa la saba. Wiki ile ile ndugu zake Yohana wakaleta posa ya kumuoa dada yangu. Baba akaipokea. Hapo mambo yakaharibika, kwa sababu kwa malezi yako wewe mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni, wala hawakai chini ya paa moja. Yohana akiiona kanga yako kwa mbali alikuwa anaingia kwenye mtama.

Baba alikushauri uache. Alisema kisomo kipo hata kijiji cha pili, utembee. Ulimjibu kwa Kinyaturu, na mpaka leo sijapata njia nzuri ya kulisema jibu lile kwa Kiswahili, lakini ni kama ulisema: "Masikio yangu hayajachumbiwa na mtu."

Kesho yake ulikwenda ukakaa nje ya ghala, chini ya dirisha, mgongo ukutani, na ungo wa kunde mapajani. Yohana akiwa ndani anafundisha, wewe nje unasikiliza. Sauti uliipata yote. Tatizo ni ubao. Ukanishika mkono ukaniambia, "Ingia, tazama anachochora, njoo unichoree."

Basi nikawa naingia na kutoka kama kuku. Naangalia herufi ubaoni, natoka mbio kabla sijaisahau, nasimama mbele yako, nainama, naichora mchangani kwa kidole. Unaitazama, unaifuta kwa kiganja, unaichora wewe. "Hivi?" Nasema ndiyo. "Nenda kalete nyingine." Wale wa ndani walikuwa wanacheka, Yohana anajikohoza na kuongeza sauti ili ifike dirishani. Hakuwahi kutaja jina lako, lakini kila somo alilirudia mara mbili, mara ya pili akiwa amelielekea dirisha. Kijana yule alikuwa mwalimu kweli.

Kosa langu hakuna aliyeliona mpaka siku ya kugawa vitabu. Yohana alinipa kimoja nikuletee. Ukakifungua, ukakitazama, ukakunja uso, ukakigeuza juu chini, na uso ukakunjuka. Ukaanza kusoma.

Nilikuwa nasimama mbele yako, Mama. Kila herufi niliyoichora ilikuwa imenielekea mimi. Wewe uliyekaa upande wa pili uliiona imesimama kwa kichwa, na hivyo ndivyo ulivyojifunza zote, kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho.

Mama Paulo, jirani yetu, alikuwa anatoka ndani siku hiyo. Akasimama akakutazama.

"Unasoma au unapepeta?"

"Nasoma."

"Kitabu kimepinduka, mama."

"Chako ndicho kimepinduka. Wewe endelea nacho hivyohivyo."

Ukamsomea mstari mzima. Akasema umeukariri kutoka dirishani. Ukamsomea mwingine. Akasema na huo pia. Tangu siku ile Mungaa iligawanyika. Kanisani ulishika kitabu cha nyimbo kichwa chini na kuimba beti zote sawasawa, na watu wakasema huyu ana kumbukumbu kama karani. Yohana alikuamini, lakini alikuwa mkwe, angekujia vipi kukupima? Baba alicheka tu. Ukazeeka hivyo, Mama, na hakuna mtu aliyewahi kuamua kama unajua kusoma au hujui.

Mimi nikaja kuandika kurasa mia moja na zaidi nikisema kwamba ulijua. Nilizipamba vizuri. Niliweka maneno marefu kila nilipoona nafasi, mpaka mengine nilikuwa nayatafuta kwenye kamusi baada ya kuyaandika.

Sasa sikia na hili ucheke. Msimamizi wangu pale chuoni ni Dakta Elisha. Elisha huyu nilimfundisha mimi, darasa la pili, dawati la mbele, mtoto aliyekuwa akila vifutio. Nilipoona jina lake kwenye barua nilifurahi nusura niruke. Nilisema, hapa nimefika nyumbani.

Nilikuwa namtumia sura, yeye ananijibu: "Shikamoo mwalimu. Nimesoma. Kazi nzuri sana, hongera. Kuna vitu vidogo vidogo tu." Nampigia simu, "Vitu gani hivyo, Dakta?" Anacheka kwa adabu. "Ah, vidogo tu mwalimu. Utaviona mwenyewe." Mimi na uzee wangu nikasoma pongezi na kuziamini. Nilimsomea Neema kwa sauti. Nilimsomea mwalimu mkuu. Mwaka mzima nilitembea Mtinko nikiwa nimeinua kidevu kama mtu aliyevishwa kola ngumu ya hospitali shingoni.

Siku ya jopo ndipo nilipojua kwamba vitu vidogo vidogo ni sura ya pili yote, ya tatu yote, na nusu ya nne.

Baada ya kuharibikiwa nilimpigia.

"Elisha, mwanangu. Niambie ukweli. Ulikuwa unaona kwamba ni mbovu?"

Nilisikia kuku nyuma yake, alikuwa nyumbani.

"Nilikuwa naona, mwalimu."

"Mbona hukusema?"

"Naanzaje, mwalimu? Wewe ndiye uliyenishika mkono nikaandika jina langu. Sasa mimi nikuambie nini, kwamba hujui kuandika?"

Nilitaka kukasirika nikashindwa. Hebu fikiria, Mama. Nilikuwa na kurasa zaidi ya mia kuhusu heshima inavyosimama kati ya mwalimu na mwanafunzi, na hiyo heshima yenyewe ilikuwa imenikalia kichwani mwaka mzima sikuihisi. Mtu yeyote angeiona, isipokuwa mtaalamu wake, mimi.

Hapo hapo nikakukumbuka umekaa na ungo wako. Wewe hukuvunja mwiko, wala hukuacha kisomo. Ulitafuta dirisha.

Nikamwambia, "Elisha, usiniambie mimi. Kuanzia leo mwambie mume wangu."

Alivuta pumzi mpaka nikaisikia. "Hapo sawa, mwalimu. Hapo naweza."

Basi zikaanza kuja jumbe za sauti kwenye simu ya Baba Neema, na mkwe wako, ambaye hajawahi kupata furaha kubwa hivyo tangu tuoane, akawa anazifungulia pale kwenye mashine, sauti ya juu, wateja wamekaa na magunia yao ya alizeti wakisubiri zamu.

"Shikamoo baba. Naomba unifikishie salamu kwa mwanafunzi mmoja. Mwambie anaandika kama mtu anayeogopa kueleweka. Mwambie sura ya pili aifute, asiirekebishe, aifute. Samahani baba."

Jumamosi moja nimefika na chakula chake cha mchana, mzee mmoja wa Mtinko amekaa juu ya gunia anatikisa kichwa.

"Huyo mwanafunzi ni nani, anayemtesa mwalimu wake namna hiyo?"

"Ni mtu wa hapahapa Utemini," Baba Neema akasema, hanitazami. "Mwanamke mzima tu."

"Ana mume?"

"Anaye. Mwanaume mmoja mvumilivu sana."

"Ampe pole."

Nikaweka bakuli chini nikaondoka na kicheko changu, nikafika nyumbani nikaifuta sura ya pili. Mama, nilivyojifunza kwa miezi ile michache sijawahi kujifunza hivyo maisha yangu yote. Nilikuwa naamka kabla ya jogoo bila kengele. Nilikuwa nafundisha darasa la pili mchana huku vidole vinawasha, natamani kurudi mezani. Nilikwenda Mungaa kuongea na wazee waliosoma kisomo, nikarudi nimejaa. Nikatupa maneno marefu moja baada ya jingine, na kila nikitupa moja nilijiona nimevua kiatu kinachobana. Neema aliniambia, "Mama, siku hizi unaimba ukiosha vyombo." Nilikuwa sijui kwamba niliacha.

Lakini ujumbe mmoja wa Elisha haukumchekesha Baba Neema. Alikuja nao nyumbani, akanipa simu nisikilize peke yangu.

"Mwambie mwanafunzi kuna jambo moja limebaki. Anasema mama yake alijua kusoma. Hasemi alijuaje. Watamuuliza tena."

Watamuuliza tena. Elisha alikuwepo siku ile kwenye jopo, alijua.

Basi, Mama, nimefika. Hiki ndicho kilichotokea.

Mara ya kwanza mtandao ulikuwa mzima. Nilikaa kwenye ofisi ya shule, mlango umefungwa, kompyuta mbele yangu, nikaongea dakika ishirini bila kukwama. Walinikosoa sura ya pili nikavumilia. Ya tatu, nikavumilia. Kisha mama mmoja mtu mzima, mwenye miwani, mtahini kutoka nje ya chuo, akaniuliza kwa upole kabisa: "Huyu mama yako, kila mtu anasema alikariri. Wewe umejuaje kwamba alikuwa anasoma?"

Nikabonyeza kile kitufe chekundu cha kukata mazungumzo kwa kidole changu mwenyewe. Nikafunga kompyuta. Nikatoka nje, nikamwambia mwalimu mkuu kwamba mtandao umekata.

Mara ya pili, mwezi uliopita, walikuwa walewale. Yule mama aliuliza swali lilelile, neno kwa neno, sijui alikuwa ameliandika. Elisha aliinamisha kichwa. Mimi nikamjibu, na nilichomjibu ndicho nilichopaswa kukuambia wewe kwanza.

Nilimwambia kuhusu siku uliyonipeleka kuanza sekondari ya bweni. Tulipanga foleni na wazazi wengine. Karani akakupa karatasi ya sheria za shule uisome na uiwekee sahihi. Ukaigeuza juu chini. Ukaanza kusoma, midomo inacheza, na kalamu ulikuwa umeshaichukua. Karani akacheka. Akamwonyesha mwenzake, naye akacheka, na wazazi nyuma yetu wakacheka, na binti mmoja aliyevaa soksi nyeupe akanitazama mimi. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nikakunyang'anya ile karatasi, nikaigeuza, nikasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Hajui kusoma. Nitamsomea baadaye."

Ulinitazama. Karani akachukua kalamu mkononi mwako akakusogezea kidau cha wino. Ukachovya dole gumba, ukabonyeza.

Tukatoka mpaka getini. Hapo ukasimama ukaniambia, kwa sauti yako ya kila siku, "Fungua sanduku utoe ile redio uliyopewa na baba yako. Sheria ya tisa imekataza redio. Wataichukua."

Nilikuwa sijakusomea kitu. Mimi mwenyewe nilikuwa sijaisoma. Nikaikunjua nakala niliyopewa na karani, nikahesabu mpaka ya tisa, na ilikuwa imeandikwa hivyo. Nikakupa redio. Ukaifunga kwenye kanga, ukaniambia nisome kwa bidii, ukaondoka.

Hivyo ndivyo nilivyojua. Kwa miaka yote hii sikumwambia mtu ushahidi huo, hata pale Mama Paulo alipokucheka mbele yangu, kwa sababu nisingeweza kuutoa bila kusema nilichokufanyia kwenye foleni. Na wewe hukuwahi kunidai.

Yule mama mwenye miwani akauliza, "Na wewe pale getini ulimwambia nini?"

Nikasema, "Sikumwambia kitu."

Akasema, "Asante, mwalimu. Sina swali lingine." Walinitoa mtandaoni kidogo, wakaniita tena, wakasema nimefaulu. Elisha alisahau kwamba kuna watu, akasema, "Shikamoo mwalimu." Nilikimbia kutoka ofisini, magoti haya haya, mpaka kwenye darasa langu la pili, nikawaambia watoto wapige makofi. Walipiga bila kuuliza sababu, na mimi sikuwaeleza, nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja.

Nisamehe, Mama. Ulijua kusoma. Ndiyo sentensi ya kwanza ya kazi yangu sasa, fupi hivyohivyo, na chuo kimeigongea muhuri.

Pumzika huko Mungaa. Nitakuja baada ya mavuno, na Neema atakuja nami.

Ni mimi binti yako,
Mama Neema